Alfajiri za Nyota Yenye Mkia

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya kuandika majina ya wateja wa picha za pasipoti. Kaka kalikataa. Anasema mistari yake imefifia mno, hakuna mtu anayeweza kuandika humo. Mimi naiona mistari yote vizuri tu, basi nimelichukua mimi.

Redio imesema kuna nyota yenye mkia inakuja. Itaonekana mashariki kabla ya jua kuchomoza, kwa muda wa wiki tano hivi, na ikishaondoka hairudi mpaka sisi na wajukuu wa wajukuu zetu tumeshasahaulika. Nikazima redio nikamwambia kaka nataka kuipiga picha. Akacheka mpaka akakohoa.

"Utaiambia nayo iinue kidevu?"

Ndiyo kazi yetu hiyo. Kaka yangu mkubwa ndiye mwenye studio, na kwa maneno anayomwambia kila mteja, "kidevu juu kidogo" mtaa mzima unamwita Kidevu. Wapo wateja wa miaka na miaka wasiojua jina lake jingine. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikiweka watu mbele ya kitambaa cheupe. Nataka picha moja tu isiyo na kitambaa cheupe nyuma yake.

Jumatano, 5 Machi

Kaka kakubali, kwa sharti kwamba kamera ya kazi haitoki bila yeye. Najua anaogopa nitaiangusha. Kamera yenyewe ni kuukuu, kitufe kimoja kimeshabonyea ndani, na stendi ina mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini ndiyo inayotulisha.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na nusu alfajiri mlinzi wa jengo alitufungulia mlango wa juu, penye matangi ya maji. Kaka aliipiga teke stendi ilhali nimeisimamisha pembeni yake, wala si mbele yake. Akanikaripia kwamba naweka vitu njiani. Mawingu matupu. Tukashuka.

Jumapili, 9 Machi

Nimeiona!

Ilikuwa juu kidogo ya mabati ya kiwanda, upande wa mnara wenye taa nyekundu. Nilitarajia jambo la kutisha, kumbe ni kidoa cheupe chenye ukungu, na mkia umeelekea juu, mwembamba, kama mtu kapitisha kidole chenye chaki ubaoni. Ukiikazia macho inafifia, ukiangalia pembeni kidogo inarudi. Nilisimama pale nikajisikia mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo.

"Kaka, unaiona?"

"Naiona. Kama ufagio," akasema.

Redio nayo ilisema ufagio. Nikadhani ndivyo inavyofanana kwa kila mtu.

Haki yake nimpe, kaka anaijua kamera. Alinifundisha palepale gizani: zima ile ya lenzi kujitafutia shabaha yenyewe, haioni kitu usiku, ikazie kwanza ile taa nyekundu ya mnara mpaka iwe kinukta, kisha usiguse tena lenzi. Weka sekunde nane, ukizidisha nyota zinaburuzika. Usibonyeze kwa kidole, tumia ile ya kamera kujihesabia na kupiga yenyewe, ili mkono usiitikise. Vyote hivyo alivisema akiwa kaupa mgongo mnara. Mimi nikasahau nikaigusa lenzi, na picha zote kumi na nne zimetoka mfano wa uji.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Paa la chumba cha kusafishia picha linavuja juu ya printa. Tumeweka ndoo.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeumia.

Juzi kaka alipiga picha ya darasa, watoto arobaini na wawili kwenye ngazi. Leo mwalimu mkuu kaja na picha mkononi. Watoto wawili wa mwisho wa mstari, kushoto, hawamo. Mmoja limebaki bega lake. Mama wa mtoto huyo kaenda shule kuuliza mwanawe kafanya kosa gani hata akatwe.

Kaka hakumeza hata mate. Mbele ya mwalimu na wateja watatu akasema, "Huyu dada yangu ndiye aliyewapanga. Nilimwambia awabane."

Niliwabana. Waliingia wote kwenye kamera, nilichungulia mwenyewe kabla sijampisha. Lakini siwezi kumvua nguo kaka yangu mbele za watu, basi nikainamisha kichwa nikaomba radhi kwa kosa lisilo langu. Mwalimu alipotoka sikumsemesha kaka mpaka jioni, naye hakuniuliza nina nini. Amekuwa na kiburi siku hizi. Hata fundi cherehani wa mlango wa pili kanilalamikia kwamba anamsalimia kaka akiwa pembeni yake, na kaka anapita tu kama waziri.

Jumapili, 16 Machi

Mbingu nyeupe kwa mbalamwezi, nyota imefifia, lenzi imeshika ukungu. Nilifuta kwa upindo wa khanga, nikaongeza mikwaruzo. Kaka anasema, "Naiona, leo iko safi." Safi wapi? Nilidhani ananitania.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kaka kaja kazini kwa miguu tena. Anasema baiskeli ina pancha.

Alhamisi, 20 Machi

Wifi, mke wa kaka, alipita studio wakati kaka yuko msalani. Huyu hasemi mambo ya ndani ya nyumba yake, kwa hiyo alipofunga mlango niliweka kazi chini.

"Wifi, kaka yako ananichukia," akasema. "Nikimpa kikombe nikiwa ubavuni kwake, hakipokei. Namnyooshea mkono anauacha hewani. Jana nimekiachia kikaanguka. Nimemkosea nini?"

Nikamwambia hata mimi ananifanyia hivyo, ni maringo ya uzee, atapona. Tukacheka kidogo. Kisha nikamuuliza pancha ya baiskeli imezibwa?

"Pancha gani? Baiskeli nzima. Wanangu wanaiendesha kila siku."

Usiku huu silali vizuri. Namkumbuka baba. Ndiye aliyeanzisha studio, akatufundisha sote wawili, kisha macho yakamwacha. Miaka minane ya mwisho alikuwa akipapasa ukuta wa korido mpaka rangi ikachubuka, na kaka ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka kila mahali, hata msalani. Baba naye alianza kwa kujigonga kwenye milango. Nimelifukuza wazo hilo. Kaka anasafisha picha kila siku kwenye kompyuta, anaondoa hata chunusi ya ukubwa wa ncha ya sindano. Kipofu hawezi hivyo.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika haya mapema, saa mbili asubuhi, kwa furaha.

Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika saa tisa na kuiosha hewa yote. Tulipofika juu, nyota ilikuwa imening'inia wazi, mkia wake mrefu mara mbili ya ule wa kwanza. Mlinzi mwenyewe aliacha kiti chake akaja kutazama. Nikaikazia taa ya mnara, nikaondoa mkono kwenye lenzi, nikaweka sekunde nane. Nikapiga kumi na moja. Katika ile ya sita mabati ya kiwanda yanang'aa kwa maji, na juu yake nyota imetulia na mkia wote. Nimeikuza kwenye kioo cha kamera mara tano. Imetulia!

Kaka alisimama karibu na tangi, mikono mfukoni. "Hongera, mdogo wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na upole ambao sijausikia siku nyingi. Nimemsamehe hata ile picha ya darasa.

Sasa nakwenda mjini kununua karatasi za printa, nikirudi naichapa kubwa na kuiweka kwenye kioo cha mbele.

Siku ileile, usiku

Nilirudi saa tisa alasiri. Kaka alikuwa kwenye kompyuta, pua karibu iguse kioo, ndivyo akaavyo siku zote. Akanigeukia ametabasamu.

"Nimekusafishia picha zako. Lenzi ilikuwa na uchafu, kila picha ina doa lilelile, limepakaa kama la kidole. Nimelitoa zote kumi na moja. Kazi ya masaa mawili, huwezi kujua kama palikuwa na kitu."

Ni kweli, huwezi kujua. Mabati yanang'aa, mnara upo, nyota ndogondogo zote zipo, na pale penye nyota yangu pana anga jeusi, laini, limepakwa kwa ustadi wa miaka thelathini.

Atakayesoma haya akumbuke namna tunavyofanya kazi. Ofisi ya pasipoti inarudisha picha yenye doa lolote nyuma ya kichwa, hata kivuli cha nzi. Kwa hiyo kila jioni kaka anamimina kadi ya kamera kwenye kompyuta, anasafisha kila picha, anaihifadhi juu ya ileile ya kwanza kwa sababu kompyuta imejaa, kisha anaifuta kadi ili kesho ianze tupu. Amefanya hivyo bila kufikiri, na ameifanyia picha yangu ihsani hiyohiyo.

Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo mama angenizaba kofi. Fundi cherehani alikuja na mkasi mkononi, nikamfukuza.

"Una wazimu gani?" kaka akasema. "Doa tu lile."

"Doa? Ile ndiyo nyota, kaka!"

"Nyota gani?"

"Uliyoiona kila siku. Uliyosema ni kama ufagio."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya kipanya cha kompyuta na nikaona vidole vinakazana. Hapo ndipo hasira iliponiishia, ikaisha yote kwa mara moja, na ikaingia hofu. Mtu aliyeiona nyota ile angani, hata mara moja, asingeweza kuifuta. Kaka hajawahi kuiona. Amepanda ngazi zile alfajiri zote hizo, akasimama kwenye baridi, akanidanganya.

Alivaa koti akatoka. Mlangoni aligonga fremu kwa bega.

Jumapili, 23 Machi

Hakuja. Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuja. Nimepiga wateja tisa peke yangu. Wote wanauliza Kidevu yuko wapi. Nasema ana mafua.

Jumanne, 25 Machi

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kitambaa cheupe, taa hazijawashwa. Nikavuta stuli nikakaa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa pili huu. Labda zaidi." Akajiziba jicho moja, akalifungua, akaziba la pili. "Nikikutazama usoni nakuona mpaka kope. Lakini mabega yako siyaoni. Ni kama nachungulia kwenye bomba. Na kiza kikiingia hata bombani hamna kitu."

"Kwa nini ulipanda juu kila siku, basi?"

"Ulikuwa na furaha. Na nilidhani nitaiona. Kila siku nilidhani leo nitaiona."

Nikalia. Yeye hakulia. Nikamwambia twende kwa daktari wa macho, akatikisa kichwa.

"Baba alikwenda. Wakamwambia amechelewa. Sasa mimi niende nikaambiwe nini? Wakishaniambia, nitakuwa kipofu siku hiyohiyo. Sasa hivi bado ni mpiga picha." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie wifi yako. Nilimshika baba miaka minane. Najua inavyokuwa kushikwa. Niapie."

Nikamwapia.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Siku nzima nimekuwa nikimtazama. Kila nilichokiita kiburi nakiona upya. Hampiti fundi cherehani kwa maringo, hamwoni. Wale watoto wawili hawakukatwa kwa uzembe, waliangukia nje ya bomba lake. Naona aibu kwa mambo niliyoyaandika kurasa za nyuma, lakini sitazichana.

Ijumaa, 28 Machi

Nimevunja kiapo. Wifi alikuja tena, safari hii amebeba begi la nguo. Anakwenda kwao, amechoka kunyoosha mkono kwa mtu asiyeupokea. Ningefanyaje? Nikamwambia yote. Aliliweka begi chini polepole, akakaa juu yake.

"Kumbe hanioni," akasema. Akarudia mara tatu, na uso wake ulikuwa na huzuni na nafuu kwa pamoja.

Jumamosi, 29 Machi

Kaka kanijia juu. "Umeniuza! Damu moja, tumbo moja, na umeniuza!" Nikamjibu ndiyo, nimekuuza, na nitakuuza tena. Hatusemezani. Wateja wanafanya kama hawaoni.

Jumapili, 30 Machi

Wifi kamshinda. Sijui alimwambia nini, ila mchana alinipigia simu: kaka atakwenda, lakini niende naye mimi, si yeye. Hataki mkewe awepo akiambiwa.

Kliniki ya macho ni Jumanne tu, na namba zinagawiwa alfajiri. Ukifika saa kumi na mbili zimekwisha. Na redio imesema anga litafunguka usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, na kwamba baada ya wiki hii nyota itakuwa ya kutafuta kwa darubini. Alfajiri moja, na mambo mawili. Nimecheka peke yangu jikoni, cheko baya.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua mpaka saa kumi jioni, kisha upepo. Nimeifungia kamera kabatini studio na ufunguo nimempa mlinzi. Najijua.

Jumanne, 1 Aprili

Tulifika hospitali saa kumi na robo. Mbele yetu watu sita kwenye benchi la ukuta wa nje. Nilimshika kaka kiwiko kwenye ngazi, akautoa mkono wangu. Kwenye ngazi ya tatu akaurudisha mwenyewe.

Taa ya uani ilikuwa imeungua, giza zito. Tulikaa mwisho wa benchi.

"Mawingu?" akauliza.

"Yapo," nikasema.

"Muongo."

Nikamwambia ukweli, hakuna wingu hata moja. Ilikuwa juu ya tangi la maji la hospitali, imefifia kuliko siku ile, lakini mkia bado upo. Nilijilazimisha kutoitazama na nikaitazama.

"Nimekukosesha picha mara mbili sasa," akasema. Kisha, "Nielekeze."

Nikasimama mbele yake kama tunavyosimama mbele ya wateja. Nikaweka vidole viwili chini ya taya yake.

"Kidevu juu kidogo. Geukia kushoto. Umezidisha, rudi. Hapo. Usitikisike."

Watu wa benchini wakacheka, mama mmoja akasema nyie wawili mna vituko. Nilikilaza kichwa chake mpaka pua yake ikalenga nyota sawasawa, nikahesabu sekunde nane kimoyomoyo.

"Unaiona?"

Akapepesa macho, akayakaza tena.

"Hapana, dada," akasema. "Siioni."

Sikutarajia kwamba neno hilo ningelipokea kwa shukrani. Mwezi mzima ananiambia naiona, naiona. Nikakaa karibu yake, bega kwa bega, nikamshika mkono, naye akauacha ushikwe. Namba yetu ilikuwa saba.

Daktari ni mwanamke kijana, mkali. Alimuuliza kaka habari za baba, akampima kwa mashine tatu. Presha ya macho. "Kilichopotea hakirudi," akasema, "nisikudanganye. Lakini kilichobaki ni kingi kuliko unavyodhani. Matone asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja, na kitabaki. Baba yako alipewa matone?" Kaka akasema alipewa, akayaacha, yalikuwa yakimuwasha. Daktari akaliandika hilo. Kisha akanigeukia. "Ndugu wa baba mmoja, mama mmoja? Kaa hapo na wewe."

Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Nikaweka kidevu changu kwenye chuma baridi cha mashine. Macho yangu ni salama kwa sasa. Nirudi kila mwaka.

Nje jua lilikuwa kali. Kaka akavaa miwani ya jua akaniambia, "Kesho wapigie shule. Nitawapiga upya picha ya darasa bure, ila utachungulia wewe."

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Wifi anamtia matone yeye mwenyewe. Kaka anasema anamlenga puani makusudi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mawingu yalipasuka kwa robo saa. Nilipanda na mlinzi, kaka akabaki studio. Nimepiga tatu, mbili ovyo. Ya tatu ina nyota hafifu, mkia wa kukisia, pembeni nyaya za umeme, na madoa ya kweli, ya vumbi na ya mikwaruzo ya khanga yangu. Hata nusu ya ile iliyofutwa haifikii.

Nilipoishusha kwenye kompyuta, kaka alivuta kiti akaweka pua kwenye kioo. Mkono ukaenda kwenye kipanya, ukasimama.

"Usiondoke," akasema. "Nioneshe kwanza kipi nisifute."

Nikaweka kidole. Akakifuata kwa macho yake, polepole, mpaka akafika. Akatazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama uso wa mteja yeyote.

"Kumbe ni ndogo hivi," akasema.

"Ndogo."

"Na mkia umeelekea juu. Mimi nilidhani chini."

Kisha akavuta kiti mbele, akaanza kufuta madoa mengine yote, moja baada ya jingine, na kila alipoikaribia nyota aliuliza, nami nikamwambia iache.